Mfasiri Aliyekwenda Kusimama Barabarani

Kabla Mwalimu hajaja kwetu, Kiingereza cha mahakama yetu ya trafiki kilikuwa kichekesho. Malori mengi yanayopita hapa yana bima za ng'ambo, na watu wa bima hawasomi Kiswahili, kwa hiyo kila faili la ajali lilipaswa kutafsiriwa. Aliyekuwa akitafsiri alikuwa bwana mmoja mwenye kamusi isiyo na jalada. Polisi akiandika kwamba lori liliingia barabara kuu bila kuangalia, yeye aliyabeba maneno moja moja kama matofali, akayapanga upande wa pili. Siku moja bima wakatujibu kwa barua yenye nembo, wakiuliza kwa heshima zote kama lori letu lina macho. Barua ile tuliibandika ukutani. Hakimu mwenyewe alikuja kuisoma mara mbili, mara ya pili akiwa na mgeni.

Mwalimu ndiye aliyeibandua. Alikuwa amefundisha Kiingereza sekondari miaka kumi na tisa, akaacha, akaomba kazi ya kutafsiri makosa ya barabarani. Watu walisema amechanganyikiwa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mashati mawili meupe aliyoyavaa kwa zamu, na penseli aliichonga kwa wembe mpaka ikawa inachoma. Tangazo lolote ukutani lenye kosa alilisahihisha, hata lile la choo.

"Dada," aliniambia siku ya kwanza, faili la lori likiwa wazi mbele yake, "lori halina kosa. Aliyekosa ni dereva, na kosa lake ni kwamba hakumpisha mwenye haki ya kupita." Akaandika "failed to give way", basi. Bima walijibu ndani ya wiki na hawakuuliza tena habari za macho.

Mimi ni karani wa mafaili. Masijala na meza ya mfasiri viko chumba kimoja, kabati la chuma ndilo linalotutenganisha, na kabati lenyewe limebonyea, kwa hiyo nilisikia hata alivyokuwa akimeza mate. Saa nne tulikunywa chai pamoja. Alinifundisha Kiingereza cha makosa kidogo kidogo. Dereva aliyepita kwenye taa nyekundu, Waingereza husema ameiruka. Nikamwambia huyo si dereva, ni mwanasarakasi. Alicheka siku hiyo mpaka chai ikamwagika, na hakuwa mtu wa kucheka hovyo.

Jambo moja tu la ajabu alikuwa nalo. Baada ya faili lile la lori, hakuandika hata sentensi moja kabla ya kwenda mahali penyewe. Alisoma maelezo ya polisi, akafunga faili, akavaa kofia, akaenda kwa miguu mpaka kwenye njia panda au mzunguko au kivuko kilichotajwa. Alisimama pale alipokuwa dereva, halafu pale alipokuwa aliyegongwa. Saa nzima, wakati mwingine mbili, mikono nyuma. Msajili wetu, ambaye ndiye bosi, alimwita ofisini kumuuliza anakwenda wapi saa za kazi.

"Polisi anaandika alichoambiwa," Mwalimu alimjibu. "Mimi lazima nijue kilichotokea. Nikishajua, Kiingereza kinakaa chenyewe."

Msajili aliguna. Lakini mafaili yalikuwa hayarudishwi tena kutoka ng'ambo, akamwacha.

Nilidhani ni mbwembwe za walimu. Halafu likaja faili la mtoto aliyegongwa na gari dogo karibu na soko. Mwalimu alikwenda kusimama asubuhi, akarudi adhuhuri, akaandika, akanipa nipige chapa. Katikati ya ukurasa niliona ameandika kwamba mtoto alikuwa amevaa kiatu kimoja tu, cha kushoto.

"Hili umelitoa wapi?" nikamuuliza. "Kwenye faili halimo."

"Alikuwa nacho kimoja," akasema, akaendelea kuchonga penseli.

Nililifuta. Mimi napiga chapa yaliyomo kwenye faili, sitii chumvi. Siku ya kesi, mama wa mtoto aliulizwa kama ana la kusema. Akasema mwanawe alikuwa amerudi barabarani kuokota kiatu cha kulia kilichomvuka. Hakuwahi kumwambia polisi kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Niligeuka kumtazama Mwalimu kwenye benchi la nyuma. Alikuwa ameinamisha kichwa, na hakuonekana kushangaa.

Yakafuata mengine. Mwendesha pikipiki aliyeapa kwamba alishika usukani kwa mikono miwili, Mwalimu akaandika kwamba mkono mmoja ulikuwa umeshika kofia isipeperuke. Yule bwana alisomewa, akainuka kitini. "Nani kakwambia?" alikuwa akiuliza tu. "Tulikuwa sisi wawili, na mwenzangu kafa."

Hapa niseme jambo ambalo nikilichelewesha mtaniona mnafiki. Mke wa Mwalimu alikufa barabarani. Aligongwa jioni moja ya mvua kwenye mteremko wa kiwanda cha sabuni, akivuka kutoka kazini, alikuwa fundi cherehani. Gari lililomgonga lilikuwa la kaka yangu, na mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mbele. Mvua ilikuwa kali, tukasikia kishindo, kaka akasema ni mbwa, nami nikasema ndiyo, ni mbwa. Hakusimama. Kesho yake habari zikazagaa, na siku tatu baadaye faili likaja mezani kwangu likiwa na maneno ya polisi: dereva hajulikani, hakusimama. Shahidi alikuwa mmoja, muuza duka aliyetoka nje baada ya mvua kupungua na kumkuta mama wa watu amelala.

Nililitia faili lile katikati ya furushi la leseni zilizofutwa, nikafunga kamba mafundo mawili, nikaliweka rafu ya juu kabisa. Sikulichoma. Kaka aliniambia nilichome na mimi nikamwambia nimelichoma, lakini mikono haikukubali. Ni makosa yangu yote, simsukumii mtu.

Mwaka mzima Mwalimu alikuja kila mwezi kuulizia faili la mkewe, kofia mkononi. "Halijaonekana, Mwalimu," nilimwambia. "Nitakutafutia." Kisha siku moja aliingia bila kofia mkononi, ana penseli mfukoni na barua ya ajira, akaketi upande wa pili wa kabati langu. Miaka saba tumekaa hivyo. Miaka saba amekuwa akiniita dada, akinibakizia sukari, akinishika mkono nilipofiwa na mama. Na kadiri nilivyoona anavyoviona vitu pale anaposimama, ndivyo nilivyozidi kukaa roho juu. Nilijua siku atakapolipata lile faili na kwenda kusimama mteremkoni, atatuona. Kaka yangu ana watoto watatu. Mimi nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu.

Mtauliza kwa nini hakwenda kule siku zote hizo hata bila faili. Mimi mwenyewe nilimuuliza, kwa kuzunguka. Akasema mahali bila maelezo ni barabara tu, magari yanapita. Lazima asome kwanza, saa, hali ya hewa, gari lilikotoka, ndipo mahali panapofunguka. Alitumia neno hilo hilo, panafunguka, kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi ya kuwasha jiko.

Niliwahi kufuatana naye mara moja, nikijidai nataka kunyoosha miguu. Ukweli nilitaka kuona ni uongo ili nilale usingizi. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, kwenye barabara iliyofungwa kwa ajili ya matengenezo. Huku mapipa, kule mapipa, hapana hata baiskeli. Faili lilikuwa la basi lililokosa breki. Mwalimu alisimama kwenye mstari mweupe, mikono nyuma. Mimi nilikaa ukingoni juu ya jiwe, najipepea. Dakika arobaini hivi hakukutokea kitu. Kisha Mwalimu akapiga hatua moja nyuma, taratibu, anavyofanya mtu kumpisha mwenzake mlangoni, na upepo wa kitu kikubwa ukanipita mbele ya magoti. Gauni langu liliruka. Vumbi la barabarani likainuka mistari miwili, likaenda mpaka kwenye ukuta wa daraja, likatua. Sikusikia sauti yoyote, hata ndege walikuwa kimya. Sioni aibu kusema nilikimbia, mimi na unene wangu huu, viatu mkononi.

Alinikuta ofisini, viatu bado mkononi. Akanimiminia chai. "Ulikaa karibu mno, dada," akasema. "Siku nyingine ukae mbali na njia."

Basi mwezi uliopita wakaja mafundi wa rangi. Hakuna aliyeniuliza. Nilitoka kwenda kwa daktari wa meno, nikarudi saa nane nikakuta rafu zote tupu, mafurushi yamepangwa koridoni. Mhudumu wetu, mzee anayependa kazi kupita kiasi, alikuwa akiyafuta vumbi moja moja. Furushi la leseni zilizofutwa lilikuwa limekatika kamba.

"Kuna faili la ajali lilijichanganya humo, mama," akaniambia, anajisifu. "Nimempelekea Mwalimu mezani."

Sijui nilivyofika. Mwalimu alikuwa amekaa koridoni kwenye meza yake iliyotolewa nje, faili limefunguliwa, kiganja kimoja kimelala juu ya karatasi. Hakuwa analia. Alikuwa anasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Limeonekana," akasema.

"Mwalimu, hilo hakuna aliyeagiza litafsiriwe. Halina bima, halina mshtakiwa. Tulirudishe kwanza kwa utaratibu."

"Nimejiagiza mwenyewe."

"Basi tafsiri hapa hapa. Mbona yako wazi? Dereva hakusimama, 'failed to stop', umeandika mara mia. Hata mimi naweza kukupigia sasa hivi, usijisumbue kwenda kule. Utajiumiza bure."

Aliniangalia. Macho yake yalikuwa ya upole, na upole ule ulinitisha kuliko hasira. "Kesho asubuhi nitakwenda kusimama," akasema, akatia faili kwenye mkoba.

Nilimpigia kaka kutoka uani, nyuma ya tangi la maji. Kwanza alinitukana kwa kutolichoma. Kisha akasema, "Mdogo wangu, huyo ni mwalimu mjane mwenye kichwa kibovu. Ataona nini? Kanusha. Mimi nitakanusha, wewe utakanusha, tumemaliza." Nikamwambia sawa. Alipokata simu niligundua kwamba nilikuwa nimeshika bomba la tangi kwa nguvu mpaka kutu imeniingia kiganjani.

Siku iliyofuata sikufanya kazi ya maana. Jua lilikuwa kali toka asubuhi. Mafundi walipaka kuta rangi ya maziwa, harufu ikanipanda kichwani, nikahamia koridoni nikakaa karibu na meza yake tupu. Saa nne sikunywa chai. Saa sita msajili akauliza Mwalimu yuko wapi, nikasema hajambo, kaenda kusimama. Saa tisa nikamwona anaingia lango la uani, polepole, kofia mkononi.

Alikuwa amelowa. Sisemi jasho. Shati lilikuwa limegandamana na mabega, maji yanachuruzika kwenye mikono, viatu vinalia. Nyuma yake uani palikuwa pakavu, vumbi jeupe, na nyayo zake zilikuwa zimeacha madoa meusi toka langoni mpaka mlangoni. Mhudumu alimtazama, akatazama mbingu, akashika ufagio wake akaondoka.

"Mvua ilikuwa kali," Mwalimu alisema, akaketi.

Nilimletea taulo la jikoni. Alijifuta mikono tu, ili karatasi isilowe, akatoa penseli akaanza kuandika. Hakupumzika wala hakufuta. Niliona anaandika ukurasa mzima, na faili zima la polisi lilikuwa mistari tisa. Alipomaliza akanisogezea.

"Nisomee, dada. Nisikie kama Kiingereza kimekaa."

Ndiyo ilikuwa desturi yetu, mimi kusoma kwa sauti, yeye kusikiliza macho yamefumbwa. Nikaanza. Saa, hali ya hewa, mteremko, yote sawa. Gari dogo la kijivu, taa moja hafifu. Mwanamke anavuka kutoka kulia, mfuko kichwani kujikinga na mvua. Kishindo. Kisha nikafika mahali pa kosa, na hakuwa ameandika maneno yale tuliyoyazoea. Aliandika kwamba gari lilisimama.

"Mwalimu," nikasema, "hapa umekosea. Polisi wameandika halikusimama."

"Polisi hawakuwepo. Endelea."

Nikaendelea. Aliandika kwamba gari lilisimama hatua ishirini mbele. Kwamba mlango wa abiria ulifunguliwa, akashuka mwanamke mnene, akarudi nyuma kwa miguu mpaka alipolala aliyegongwa, akainama. Kwamba aliyegongwa alikuwa hai, macho wazi. Kwamba aliinua mkono akashika pindo la gauni la yule mwanamke na kusema naye. Kwamba yule mwanamke alivibandua vidole vile kimoja kimoja, akarudi garini, gari likaondoka.

Nimewaambia huko nyuma kwamba tulidhani ni mbwa, na kwamba kaka hakusimama. Niliwadanganya. Nimeidanganya nafsi yangu kwa maneno hayo hayo miaka minane, nikawa nayaona ni kweli, na polisi walipoandika hakusimama nikashukuru. Hata kaka hajui kwamba alikuwa hai. Niliporudi garini nilimwambia amekwisha kufa, twende, kwa sababu niliogopa. Hakuna sababu nyingine. Niliogopa tu.

"Kutosimama ni kosa moja," Mwalimu alisema, macho bado yamefumbwa, maji yakimtiririka shingoni. "Kusimama, ukaona, ukaondoka, ni kosa jingine. Nimelitafutia maneno yake njia nzima. Yamekaa?"

"Yamekaa," nikasema.

"Karibu na mwisho nimeacha nafasi. Umeiona?"

Niliiona. Baada ya kuandika kwamba mwanamke aliyelala alisema, kulikuwa na mstari mtupu, mrefu, umepigwa kwa rula.

"Nimeona midomo inasogea. Nimesimama pale toka saa mbili mpaka nikalowa, nimerudia na kurudia, sauti hainifikii. Mimi huwa naona tu." Akafumbua macho. Hakukuwa na ushindi ndani yake, wala chuki. Alikuwa mtu anayeomba kitu kidogo na anaogopa kunyimwa. "Wewe ulikuwa karibu. Alisema nini, dada?"

Ningeweza kukanusha. Kaka alikuwa amenipangia maneno, na karatasi ya mtu aliyelowa siku ya jua si ushahidi mbele ya hakimu yeyote. Mwalimu alilijua hilo kuliko mimi. Nilijua pia kwamba nikifungua mdomo namtia kaka yangu ndani, na watoto wake watatu nitawaeleza nini. Lakini miaka minane ile sauti nilikuwa naisikia peke yangu, na mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu anaiomba.

"Gauni lake lilikuwa limepanda juu," nikamwambia. "Hakuomba hospitali. Alisema, nifunike, dada, watu watakuja."

Mwalimu alichukua penseli. Akajaza ile nafasi kwa Kiingereza, herufi nzuri za ubaoni. Ndani, mafundi walikuwa wanabishana kuhusu brashi.

"Ukamfunika?" akauliza.

Siku ile nilikuwa na mtandio shingoni.

"Sikumfunika."

Akaliandika na hilo, akaweka nukta, akanisogezea karatasi nitie sahihi, nikatia.